Kaa Waliolishwa Nazi

Piñones, Loíza
Mei 1986, wiki ya mvua za kwanza

Wifi yangu Monserrate,

Barua hii naiombea ikukute umekaa kitini nyumbani, si umesimama mbele ya cherehani, maana najua kiwanda chenu hakimpi mtu nafasi ya kusoma hata jina lake mwenyewe. U hali gani? Goti lako je? Na baridi ya Bronx imewaachia, au bado mnavaa makoti mwezi huu ambao sisi huku tunajipepea kwa vifuniko vya sufuria? Mimi ni mzima. Presha inapanda na kushuka ipendavyo, lakini natembea na nabishana, kwa hiyo usinihofie.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu iko dukani, na foleni inayosimama nyuma yangu yote ni masikio. Nina jambo la kukuuliza, nalo nimeliweka mwishoni, maana nikilitaja sasa hivi hutasoma mengine. Jua tu kwamba jibu lako ndilo litakaloamua kama nitabaki na kibanda cha mama yenu au nitakirudisha. Usiruke kurasa, nakujua.

Kwanza nikujibu uliloniuliza. Barua yako ya Kwaresima niliisoma kibandani, nikacheka mpaka Nereida wa kibanda cha pili akaacha mafuta yake yakiungua akaja kuuliza kuna nini. Eti alkapuria zako, madonge ya ndizi uliyoyajaza kaa kwa fahari, zilipasukia kwenye karai, kaa wakatapakaa kwenye mafuta, na wageni wako wakala kwa kijiko kama supu! Nereida akasema, "Mwambie afungue mgahawa wa supu huko huko, atatajirika." Nami nikajisemea, binti wa Leocadia mzima, aliyezaliwa karibu juu ya meko, leo ananiuliza mimi niliyekuja kuolewa.

Kosa lako la kwanza ni ile mashine ya kusagia. Mashine haizunguki bila maji, na maji ndiyo adui. Ndizi mbichi na magimbi hukunwa, hayasagwi. Najua huko huna bati la mama, lile alilolitoboa kwa msumari na kulipigilia kwenye ubao, lakini hata kikunio cha dukani kitafaa, mradi uwe tayari kuacha ngozi kidogo. Unakumbuka mama alivyokuwa akitutania kwamba alkapuria isiyo na ngozi ya kidole cha mpishi ni ya kununua. Menyea ndizi ndani ya maji ya chumvi zisije zikasawijika. Magimbi yape nafasi yake, maana ndizi zikitawala unapata kitu kigumu kama kisigino changu. Tia chumvi, tia mafuta mekundu ya mzingefuri mpaka donge liwe na rangi ya matofali, kisha lifunike uliweke kwenye friji, uende ukalale. Donge nalo linataka kulala. Wewe ulilitoa kwenye mashine ukalipeleka moja kwa moja kwenye moto, nalo likakuonyesha hasira zake.

Kosa la pili ni karatasi. Wifi, karatasi? Jani la mzabibu wa pwani limeumbwa na Mungu kwa kazi hii, nene, la mviringo, na halinywi mafuta. Unalipaka mafuta mekundu, unatandaza donge, unabonyeza katikati kwa mgongo wa kijiko, unaweka kaa wako, usiwe mchoyo na usiwe na sifa, kisha unakunja jani kama unayefunga kitabu na donge linajifumba lenyewe. Halafu unaliteremsha taratibu pembeni mwa karai mpaka liteleze. Hulitupi. Kaka yako Nino, Mungu amrehemu, alikuwa akilitupa kila siku nikimwambia asilitupe, na makovu ya mafuta mkononi mwake tulimzika nayo. Nimekutilia majani machache kwenye bahasha. Yatafika yamekauka, yaloweke tu.

Kuhusu kaa sasa. Hapo ndipo habari zangu zinapoanzia.

Crispín Pizarro unamkumbuka, yule mtega kaa mwembamba aliyekuwa akimletea mama, mgane wa Eugenia. Bado ndiye anayeniletea. Na desturi yetu unaijua, kaa akitoka kwenye tope la mikoko haliwi siku hiyo, tumbo lake limejaa mambo. Miaka yote nimekuwa nikiwanunua na tope lao, nawafungia kwenye tundu nyuma ya kibanda, nawalisha mahindi na mikate iliyochacha mpaka wasafike. Sasa baada ya mwaka mpya Crispín akaanza kuniletea kaa waliokwisha safishwa. Akasema tu, "Hawa tayari, Bi Eladia. Wapike." Bei ileile. Nikadhani amezeeka, moyo umelainika, nikamshukuru nikaendelea na kazi.

Lakini nyama ilibadilika. Ilikuwa tamu, ina mafuta, na ilikuwa na harufu ya mbali ambayo sikuijua inatoka wapi. Wateja wakaipenda. Waliokuwa wakila moja wakaanza kula tatu. Nereida akaanza maneno yake: "Shoga, siku hizi kaa wako unawatia sukari? Au umepata mganga?" Nilimjibu kwamba mganga wangu ni jasho langu, lakini moyoni nilianza kuwa na wasiwasi. Wakati huo ilikuwa imezagaa habari kwamba wapo watu wanaouza kaa wa kuja na meli, waliofugwa kwenye mabanda ng'ambo, na kwamba huwapaka tope la kwetu ili waonekane wenyeji. Huku kwetu, wifi, unajua mtu anaweza kusamehe ukimwibia mke, lakini ukimlisha kaa wa ng'ambo ukamwambia ni wa Piñones, hakusamehei.

Nikalitafakari jambo hilo kwa kichwa changu hiki kinachochemka haraka. Kaa wanakuja safi, wanene, ladha ngeni, na Crispín hataki kusema kwa nini. Jumapili moja kabla ya Kwaresima, kibanda kimejaa watu wametoka kanisani, akaja na gunia lake begani. Nikamwuliza mbele ya wote, "Crispín, hawa kaa wana pasipoti?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akauliza nina maana gani. Nikamwambia maana yangu ni kwamba mimi nimekula kaa wa mikoko hii tangu nimeota meno, na hawa si wao, na kama anataka kufanya biashara ya meli aende bandarini. Nilisema hivyo hivyo. Crispín akaniangalia, akalitua gunia, akavaa kofia yake, akaenda zake. Hata malipo hakuchukua.

Nereida akasema, "Hapo umemkata shingo." Nikamwambia aangalie karai lake.

Jumapili iliyofuata hakuja. Nikatuma watu kwa mtegaji mwingine, akasema kaa wake wamekwisha. Kwa mwingine, akasema anaumwa mgongo. Wa tatu, yule mbilikimo asiyejua kuficha neno, alinijibu wazi: "Bi Eladia, ukimwita Crispín mwongo umetuita sote." Watega kaa wote wakanigomea. Nikabaki nauza alkapuria za nyama ya ng'ombe, na wateja wangu wanapita mbele yangu wakitazama juu kama wanaohesabu minazi, wakienda kwa Nereida. Naye alikuwa akinipungia mkono.

Basi nikaufyata. Alasiri moja nikajitanda kitambaa kichwani nikaenda kwa Crispín, kule nyuma ya msitu wa mikoko. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia kwamba sikukosea sana. Nilipofika sikumkuta ndani. Alikuwa uani, amepakata ubao wenye bati, anakuna nazi. Vidole viwili amevifunga kitambaa. Nyuma yake kulikuwa na kichuguu cha vifuu vya nazi karibu kifike kiunoni, na matundu mawili ya kaa. Moja lilikuwa limejaa mahindi na maganda ya viazi. La pili, dogo, limefungwa utepe mwekundu mlangoni, lilikuwa limejaa nazi nyeupe, na kaa walikuwa wamo ndani wanakula kama wako harusini.

Nikauliza hawa ni wa nani. Akasema bila kuinua macho kwamba wale wa tundu kubwa ni wa watu wote, na hawa ni wa kibanda cha Leocadia. Nikauliza kwa nini nazi. Ndipo aliponikumbusha jambo ambalo wewe ungelikumbuka kabla yangu, kwamba mama alikuwa akiwalisha kaa wake nazi tupu, mpaka viganja vilipomshinda, na mimi na Nino tukashika mahindi kwa sababu ni kazi rahisi. Akasema mkesha wa Krismasi alipokuwa akinihesabia kaa alinisikia nikisema kwamba nimesahau alkapuria ya mama ilikuwa na ladha gani. Wifi, nilikuwa naongea na karai. Sikuwa naongea naye. Sikujua hata kama ana masikio.

Fikiria mwenyewe. Ladha ya mama yako iliingia mdomoni mwangu, mimi niliyeila miaka kumi na minne mezani pake, nikaiita mgeni, nikamwuliza pasipoti mbele za watu. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikafunika uso kwa kile kitambaa. Mimi, Eladia. Baadaye nikamwuliza kwa nini siku ile hakunijibu. Akasema, "Ningesema nini pale? Kwamba nakukunia nazi? Nereida angekufa kwa kicheko, tukakosa wa kumzika." Nikacheka huku pua inatiririka. Nikamwomba msamaha, akasema hakuna neno, lakini nisimsaidie kukuna maana nakuna vibaya. Hilo nilibishana nalo mpaka jua likashuka.

Jumapili iliyofuata akarudi na gunia, na mimi nikamwomba radhi pale pale nilipomtukania, kwa sauti ya kusikika mpaka kibanda cha tatu. Mzee mmoja wa kanisani akaila alkapuria yake polepole, akaniambia hajala kaa wa Leocadia tangu Leocadia azikwe. Mimi sikuwa nimemwambia kitu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na hapa nakuomba unisome kwa moyo ule ule ulionipokea nao siku Nino aliponileta nyumbani nikiwa sijui hata kumenya ndizi.

Ile desturi ya mama sijaiacha. Alkapuria ya kwanza ya siku haiuzwi. Yeye alikuwa akiiweka juu ya jani, mwisho wa meza upande wa bahari, kwa ajili ya marehemu baba yenu. Mimi naiweka pale pale kwa ajili ya Nino tangu alipotutoka, na tukifunga anapewa yeyote anayepita na njaa. Nilikuwa sijawahi kukosa hata siku moja, mvua au jua, nikiwa na homa au nikiwa mzima.

Jumapili ya Pasaka nilikosa. Watu walikuwa wengi kupita kiasi, kila mtu ametoka kwenye mfungo anataka vya mafuta. Ya kwanza ilipotoka kwenye karai kuna mkono ulinyooshwa nikaupa, na ya pili, na ya tatu, na sikuwaza kitu kingine mpaka nilipoanza kufunika moto. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikaenda mwisho wa meza kuitazama ile nafasi tupu, na sikuikuta tupu. Jani lilikuwepo, na alkapuria juu yake, imepoa, imefunikwa kwa kikombe isiguswe na mainzi. Nikafurahi. Nikadhani mikono yangu iliiweka yenyewe kwa mazoea, na kichwa ndicho kilichosahau.

Nikamsimulia Nereida. Unajua maneno ya Nereida yalivyo mengi. Safari hii akasema kwa sauti ya chini, "Si wewe, shoga. Crispín alikuja asubuhi katika msongamano ule akanunua kwako mbili, hukumtambua. Akatazama kule mwisho wa meza, akaona hakuna kitu. Moja akala. Ya pili akaenda akaiweka, akavua kofia, akasimama kidogo, akaondoka. Aliniambia nisikuambie."

Wifi, nilikaa kwenye kiti chako, kile unachokalia kibandani ukija kila Julai, nikalia. Nilidhani siku nitakayomsahau Nino nitalia kwa majuto. Nililia kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo ilinitisha, kwamba duniani kuna mtu mwingine anayemkumbuka pamoja nami na hakutaka hata kuonekana. Nimekaa peke yangu na huzuni hii muda mrefu, nikaizoea kama mtu anavyozoea kubeba ndoo mkono mmoja. Sikujua kwamba mkono umechoka.

Sasa usije ukamsingizia Crispín. Yeye hakusema neno. Mimi ndiye niliyemwambia. Alipoleta kaa wiki iliyofuata nilimwuliza kama hajachoka kula peke yake. Akasema amechoka. Nikamwambia mimi pia nimechoka, na kwamba nyumba yangu ina viti vingi. Akavua kofia akaizungusha mikononi mpaka nikataka kumnyang'anya. Halafu akauliza, "Monserrate anasemaje?" Nikamwambia Monserrate yuko Bronx anapasua alkapuria. Akasema basi nikuulize wewe kwanza, maana yeye alikuwa akiingia kibanda cha Leocadia kwa mlango wa mbele maisha yake yote, na hataki kuanza leo kuingia kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo nakuuliza. Kibanda ni cha mama yenu. Bati ni la mama yenu, na alisema mbele yetu sote lisitoke nje ya nyumba yake. Mimi niliingia nyumba hiyo kwa mkono wa Nino. Nikiolewa na mwingine, je, nimetoka? Wako wanaosema nimetoka, na mmoja alinitamkia hivyo kwenye mlango wa kanisa. Sikumjibu, kwa sababu si yeye wa kunijibu. Mtoto sikujaliwa, dada sina, mama yangu alikufa nikiwa binti. Kibanda kikiondoka nitalia nitanyamaza, mikono bado ninayo. Ninaloogopa ni hilo jina ninaloliandika juu ya kila barua. Tangu ujana wangu nina wifi. Sijui nitamwandikia nani nikiwa sina.

Usinijibu kwa simu, na kwa barua pia usijihangaishe. Julai utakuja kwa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo kama kawaida. Nitakuwa nimekiweka kiti chako pale pale, na bati la mama juu yake, na ndizi zikiwa ndani ya maji ya chumvi. Ukikaa ukaanza kukuna, nitajua. Ukilitia bati kwenye sanduku lako, nitajua pia, na sitakuuliza neno wala sitakununia. Nitakupikia chakula na kukusindikiza mpaka uwanja wa ndege. Crispín naye anajua hivyo, na amesema atasubiri. Nazi anaendelea kukuna.

Nisalimie mumeo, na wanao, na yule mdogo anayekataa magimbi mwambie mke wa mjomba wake anamjia na mwiko. Wa kanisani wote wanakusalimu. Nereida anakusalimu na anaomba umletee nguo ya ndani ya baridi, sijui ya kufanyia nini huku. Goti lipake mafuta ya moto usiku, wala usibebe mzigo mzito safarini, chochote utakachoamua kubeba.

Naandikia hapa hapa mezani, karai bado halijapoa. Ya kwanza ya leo ipo pale mwisho, upande wa bahari. Nimeiweka mwenyewe.

Hadi Julai, mimi bado ni

wifi yako,
Eladia